Misa ya Kilatini isibebeshwe mzigo wa Williamson

Mhariri,

Wapo Wakatoliki wenzangu wanaoendelea kumsifu marehemu Askofu Richard Williamson, Mwingereza aliyewekwa wakfu na Askofu Mkuu Marcel Lefebvre kule Écône, Uswisi, mwaka 1988 bila idhini ya Papa. Eti alikuwa mtetezi wa Misa ya Kilatini. Misa hiyo naipenda hata mimi, ila sioni inahusianaje na kufundisha kwamba wasichana wasisome chuo kikuu wala wasivae suruali.

Hayo tuyaache. Januari 2009, wiki ileile Papa Benedikto XVI alipomwondolea adhabu ya kutengwa na Kanisa, televisheni ya Sweden ilimwonyesha akikana kwamba Wayahudi waliuawa kwa gesi. Mahakama ya Ujerumani ilimtia hatiani, na mwaka 2012 hata wenzake wa Udugu wa Mtakatifu Pius X, shirika la mapadre lililoanzishwa na Lefebvre, wakamfukuza. Tena baba mzazi wa huyohuyo Lefebvre alifia katika kambi ya Wanazi mwaka 1944!

Wanaomwita shujaa wa imani watueleze: kukana mauaji ya mamilioni ya watu kunalinda mapokeo gani ya Kanisa?

Msomaji wako,
Morogoro