Shoga, usinyamaze kama nilivyonyamaza

Tudor, Mombasa

Shoga yangu,

Salamu sana. Mama naye akusalimu. Aliponiona nimekaa kibarazani usiku, simu mkononi, aliuliza ni nani amefiwa. Nikamwambia hakuna aliyefiwa, ni wewe umekatiwa ufadhili wa utafiti wako. Akasema, "Basi ni mamoja," akaingia ndani kukuombea dua.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mistari minne, na miwili ni ya kuniomba radhi kwa kunisumbua usiku! Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu tutalia wote wawili, tumalize salio, na yenyewe ya kusemwa yabaki hayajasemwa.

Nilikwambia kwamba fedha zangu za utafiti zilikatika mwaka jana. Nilichokuficha ni yaliyofuata.

Barua ya wafadhili ilinikuta kwa simu nikiwa Mwache, ninakopimia udongo wa mikoko kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilikuwa nimetoka kwenye mikoko, matope mpaka magotini, simu nimeitia kwenye kopo la siagi isirowe. Nikaifungua kituoni nikisubiri matatu. Ilikuwa barua ya adabu sana, imenishukuru mara mbili. Posho ya mwezi ule ndiyo ya mwisho, na fedha za kazi ya nyanjani zisimame siku ile ile. Matatu ikaja, nikapanda, nikalipa nauli, nikamsaidia bibi mmoja kupakia gunia lake la makaa. Nilipofika nyumbani mama akaniuliza kazi ilikwendaje. Nikasema nzuri.

Basi nikaendelea kusema nzuri kwa miezi minne.

Kila asubuhi nilivaa viatu vya mpira, nikabeba mkoba na ule mrija wa kuchimbia udongo, nikatoka. Nilikwenda Mama Ngina. Nilikaa chini ya mbuyu nikitazama meli zikiingia Kilindini, nikala mihogo ya kukaanga na pilipili, na adhuhuri ikipita nikarudi nyumbani na uso wa mtu aliyechoka kwa kazi. Msimamizi wangu akiandika, nilimjibu kwamba nachakata data. Na wewe uliponiuliza, nilikwambia nimebanwa. Nisamehe.

Aliyenikamata ni mama. Unajua mama ni binti wa mtu wa mashua, mwezi anausoma kuliko mimi mwenye jedwali la maji kwenye simu. Siku moja aliniuliza nimepima wapi, nikasema upande wa mlilana. Mlilana ndio mti unaokaa nje kabisa, unaotazamana na bahari. Akaweka kijiko chini. "Leo maji mafu. Huko nje maji hayatoki. Wapima mlilana ukiogelea?" Kisha akatazama viatu vyangu mlangoni, vikavu, visafi kama vya dukani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mficha uchi hazai, mwanangu," na nikayatoa yote pale pale, kuanzia kopo la siagi.

Nakusimulia haya, shoga, kwa sababu nikipiga hesabu leo, kukatwa pesa kulinigharimu kidogo kuliko ile miezi minne. Chuo hakikujua chochote, kwa hiyo karo ikaendelea kuhesabiwa kama kwamba nipo darasani. Lau ningeandika barua ya kuahirisha masomo wiki ile ile, saa ya karo ingesimama na mimi ningepata pumzi. Nilipoandika, deni lilikuwa limeshakua, na ofisi ikanijibu kwamba kuahirisha hakurudi nyuma. Kibali changu cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nacho, maana ni cha mwaka mmoja, kikafa mikononi mwangu bila mimi kukumbuka kukihuisha.

Na kuna friza. Ngoja nikueleze habari ya friza, maana hili hakuna mtu atakalokwambia. Nilikuwa na vipande sitini na viwili vya udongo wa mikoko, vimegandishwa kwenye maabara ambayo mradi ndio uliokuwa ukiilipa. Mradi ulipokufa, nafasi ile ikawa ya mtu mwingine. Fundi wa maabara, kijana mwenye moyo, alinitafuta kwa namba yangu ya zamani, akakosa, akatafuta tena. Nilipompata aliniambia vitatupwa Ijumaa, na siku ile ni Jumatano. Niliviokoa kwa tuktuk, ndani ya madebe mawili ya barafu niliyoazima kwa wauza samaki wa Kongowea. Vipande sita viliyeyuka na lebo zikafutika. Vile sita sitakaa nijue vilitoka wapi.

Kwa hiyo kabla hujalia tena, niambie: chupa zako za maji ya visima ziko kwenye friza ya nani? Daftari zako za mahojiano? Nenda kesho. Halafu waandikie waliokukatia, kwa adabu ile ile waliyokuandikia wewe, uwaulize mambo matatu: kama risiti ulizokwisha tumia zitalipwa, vifaa vinabaki kwa nani, na kama data ni yako kuitumia kwenye tasnifu. Wakujibu kwa maandishi. Mimi niliwaandikia nimechelewa, lakini walijibu, na jibu lile la tatu, la data, ndilo linalonilinda mpaka leo. Wanaofunga mradi huwa na wiki chache za kutaka kuondoka na jina zuri. Zitumie.

Na barua ya kuahirisha iandike hata kama hujaamua kuahirisha. Uliza tu masharti. Mlango ukiujua ulipo, hulazimiki kupita.

Msimamizi nilimwendea nikitetemeka. Alinisikiliza, akaita chai, akavuta karatasi ya pendekezo langu, akaanza kukata kwa kalamu. Unakumbuka mpango wangu? Lamu, Tudor, Mwache na Gazi, halafu sampuli zisafirishwe ng'ambo zipimwe risasi-210, aina ya madini ya risasi inayopungua kadiri miaka inavyopita, ili tujue udongo ule ulitua mwaka gani. Vipimo vile peke yake vingekula nusu ya fedha. Akavikata. Gazi akaikata, akasema kule kumeandikwa mno. Tangu mwaka 2013 ulipoanza mradi wa pale wa Mikoko Pamoja, unaouza kaboni inayohifadhiwa na mikoko ya zile hekta 117 zao, takwimu zimechapishwa tele, nisome nilinganishe. Kisha kalamu ikafika Lamu. Nchi hii ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu iko Lamu. Nilimshika mkono kabisa, mtu mzima yule! Akasubiri nikauachia, akakata.

Zikabaki hori mbili za bahari ninazozifikia kwa matatu. Tudor nyuma ya nyumba yetu, ambako mikoko inaishi na maji taka ya mji, na Mwache, ambako mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope likaifukia mizizi na miti ikafa imesimama. Swali likawa dogo: baada ya miaka yote hii, udongo wa pale umeweka kaboni kiasi gani, mahali miti ilipokufa na mahali iliposalia? Hilo halihitaji ng'ambo. Ni kukausha udongo, kuupima, kuuchoma kwenye tanuri la nyuzi 450 na kuupima tena. Kilichopungua ndicho kilichokuwa uhai. Tanuri nalikodi kwa siku.

Watu huniambia, "Umeona, sasa utafiti wako umekuwa na mwelekeo." Naitikia. Lakini wewe nisikudanganye: tasnifu hii ni ndogo kuliko ile niliyoitaka, na Lamu naiota. Msimamizi ameniambia kwamba mtahini hasahihishi ndoto, anasahihisha kilichopo mezani. Ni kweli, na bado inauma.

Pesa naipata hivi. Asubuhi za maji mafu nafundisha bayolojia na kemia watoto wa kidato cha nne, Kisauni, sebuleni kwa mama mmoja, watoto saba. Nilipata pia somo la kufundisha muhula mmoja kwenye chuo ambacho malipo yake mpaka leo "yanashughulikiwa". Chama chetu cha wanawake kilinipa zamu yangu mapema, nikalipa sehemu ya karo. Mikopo ya simu usiiguse. Mimi niliigusa, nikakopa huku nikalipe kule, na kwa wiki kadhaa nikawa naogopa simu yangu mwenyewe.

Ruzuku ndogo zipo kwa mashirika haya: WIOMSA pale Unguja kwa sisi wa bahari, IFS ya Sweden, Rufford ya Uingereza kwa uhifadhi, na IDEA WILD ya Marekani ambao hawatoi pesa bali vifaa. Kwa visima vyako tazama kwanza kama IFS wanapokea maombi, maana maji wamekuwa wakiyashughulikia. Ila usiombe kumi kwa pamoja. Kila ombi likiandikwa vizuri linakula wiki mbili tatu, na mimi niliandika matano kwa hasira mwezi mmoja, yote yakawa mabovu. La sita, nililoliandika nimetulia, limejibiwa. Si pesa nyingi, ni za tanuri na nauli.

Kuna jambo lingine dogo, ila najua litakukuta. Arusini. Majuzi Majengo, tumekaa kwenye jamvi, shangazi ananiita kwa sauti: "Daktari! Pilau ya shahada twala lini?" Wote wakageuka. Zamani ningecheka tu nitoke nje. Safari hii nikamwambia, "Shangazi, wafadhili wameondoka, sasa nasoma kwa mfuko wangu, kwa hiyo mchele utaleta wewe." Pakawa kimya kidogo. Kisha bibi wa pembeni, nisiyemjua hata jina, akasema mwanawe naye alikuwa kwenye mradi uliofungwa, yuko nyumbani, hasemi na mtu. Nikampa namba yangu.

Umeniuliza kama uache. Sijui, na sitakwambia usiache. Mwenzetu mmoja aliacha, akaajiriwa na kaunti, ana gari na analala usingizi. Nakuomba tu usiamue wiki hii, wala usiamue usiku. Kwanza chupa, kisha barua, kisha msimamizi, halafu tukae tuzungumze la kuacha tukiwa na akili zetu.

Jumamosi ni bamvua. Saa nne na nusu asubuhi maji yatakuwa yametoka kabisa hapa Tudor, na nina miraba mitatu ya kupima, mita kumi kwa kumi, lakini sina mtu wa kunishikia utepe. Panda matatu ya kwanza kutoka Kilifi. Mama anapika mahamri na mbaazi, ameshauliza kama bado hupendi pilipili. Viatu vya mpira nitakuazima. Ninavyo pea mbili, na vyote siku hizi vina matope.

Ni mimi shogayo,
wa kibarazani