Nalongo, usilipe tiketi hiyo bado

Kisenyi, Kampala
Jumapili usiku

Nalongo wangu,

Assalaam alaykum. Mapacha wako, Babirye na Nakato, hawajambo? Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nimezima feni nisije nikawa nimesikia vibaya. Kumbe ndivyo ulivyosema: unataka kuwabeba wote wawili peke yako mpaka Dubai kwa Salongo, baba yao, kwa hiyo tiketi ya bei ya kutupa uliyoiona kwenye simu. Usilipe bado. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nikipiga utaniitikia "sawa, sawa" huku unamnyonyesha huyu na kumfuta yule, na nusu ya maneno yangu itaishia hewani. Barua utaisoma wakilala.

Na ile leso ya kujifunika, yenye picha ya tausi, uliyoniletea nilipotimiza arobaini ya kujifungua, usiniulize kwanza. Nitafika huko.

Nianze na lako, maana mimi nilipopanda ndege ya Dubai nilikuwa na mmoja tu na bado nilitoka jasho. Mtu mzima mmoja anapakata mtoto mmoja. Hakuna kubembeleza hapo, hata ukilia. Wa pili itabidi umnunulie kiti chake, umfunge kwenye kile kiti cha watoto cha garini ambacho shirika limekikubali, na wewe kiti hicho huna kwa kuwa hata gari lenyewe huna. Au upate mtu mzima wa pili. Hajati mama mkwe wako si ana pasipoti aliyoendea Umra? Mnyenyekee. Tena msitarajie kukaa bega kwa bega. Juu ya kila viti vitatu huwa kuna barakoa nne za oksijeni, tatu za watu wazima na moja ya kichanga. Vichanga viwili vikipakatwa upande mmoja wa safu, kimoja hakina barakoa, kwa hiyo watawatenganisha tu. Waombe watu wa ndege wamkalishe Hajati safu ileile ng'ambo ya ujia, mpeane watoto kwa mkono.

Pasipoti kila mtoto na yake, hata kama hajaota jino. Mimi nilidhani wangu ataandikwa ndani ya yangu kama zamani za mama zetu. Shilingi 250,000 kila moja, kwa hiyo wewe piga mara mbili, na Salongo akutumie nakala ya kitambulisho chake mapema, kwa sababu wanataka vya wazazi wote. Siku ya picha wapeleke wameshiba. Wangu alifumba macho kila yule kijana alipoinua kamera, tukakaa pale mpaka watu watano wa nyuma yetu wakahudumiwa.

Sasa hiyo bei. Bei uliyoiona ni ya mwili wako na kibegi cha mkononi, basi. Sanduku unalilipia, kuchagua kiti unalipia, chai unalipia. Mtoto wa chini ya miaka miwili naye ana bei yake ingawa hapewi kiti. Siwalaumu sana, ndiyo biashara yao: ndege ikiwa chini haiingizi hata shilingi, kwa hiyo wanataka ishushe watu, ipakie wengine, iruke, na kila kitu kinachowachelewesha au kuongeza uzito unakilipia. Ila kwenye simu hawakuandikii hivyo. Pale kaunta begi langu lilikuwa na kilo tisa na kitu, na ruhusa ni saba. Nikamwambia yule dada, nguo karibu zote ni za mtoto. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kwenye tiketi yangu mtoto hana kilo. Hana kilo! Ana kilo nane na nusu, nilitamani nimweke juu ya mzani aone. Basi nikafungua begi sakafuni mbele ya watu, nikavaa magauni mawili juu ya lile nililovaa, nepi nikazijaza kwenye mifuko ya koti, na mbeleko nikajifunga kiunoni. Niliingia kwenye ndege nimenenepa kama bibi harusi aliyevishwa mavazi yake yote kwa mpigo. Wewe lipia sanduku palepale unapokata tiketi. Ukilipia uwanjani bei hupanda.

Safari ya kwenda Entebbe haina neno. Pita barabara ya mwendokasi ulipe 5,000, usijaribu ile ya zamani jioni. Kumbuka tu kwamba pale kwenye kizuizi kabla ya uwanja mnashushwa garini, gari linakaguliwa na nyinyi mnatembea, kwa hiyo usisubiri kufika mlangoni ndipo uwafunge mgongoni. Uji na maziwa ya watoto yanapita ukaguzi hata yakizidi zile mililita 100 wanazoruhusu kwa vitu vya majimaji, ila uwaambie mwenyewe kabla hawajauliza. Maji yangu ya kunywa niliyaacha. Uji wa mtoto askari aliniambia nionje, nikapiga funda mbili kubwa. Nilikuwa na njaa.

Ndani ya ndege nilipewa kiti cha katikati kwa sababu sikulipia kuchagua. Upande wa ujia alikaa mzee mmoja muuza spea za magari, wa soko la Kisekka, anakwenda Deira, hukohuko Dubai, kuchukua mzigo. Aliponiona nakuja na mtoto alivuta pumzi ile ya mtu anayesoma deni lake. Dirishani alikaa binti wa Iganga mwenye fulana ya njano. Walikuwa wengi wenye fulana hizo, wanakwenda kazi za nyumbani, umewahi kuwaona pale uwanjani wamekaa chini kwa mstari wameshika bahasha. Yangu ilikuwa ile ndege nyembamba yenye ujia mmoja, haina kile kitanda cha kuning'iniza ukutani tulichokiona kwenye picha za dada yako aliyekwenda London. Kitanda ni mapaja yako, saa tano.

Mbeleko itakutia kwenye mabishano, jiandae. Nilikuwa nimeshamfunga mgongoni, nimekaa upandeupande kama tunavyokaa kwenye matatu, mhudumu akaja akasema ndege ikiruka na ikitua mtoto awe mbele, na afungwe mkanda wake mdogo unaopita ndani ya mkanda wangu. Nilinung'unika. Baadaye nikajiuliza, ikikwama ghafla si ningemkandamiza kwa mgongo wangu mwenyewe? Kule juu ikishatulia unaruhusiwa kumfunga na kutembea naye, na mimi nilitembea mpaka nikawajua abiria wote kwa visigino.

Choo ni kabati. Kuna kiubao kinachoshuka juu ya choo cha kumbadilishia mtoto, ukishamlaza hapo huna pa kuweka kitu kingine, kwa hiyo ingia na nepi moja na kitambaa kimoja, begi liache. Chai sikuinunua. Hawakutaka shilingi zetu, na dirhamu, pesa za huko, nilikuwa sijabadilisha. Maji ya moto ya kukorogea uji walinipa bure nilipoomba vizuri. Ndizi moja ya bogoya ya kuponda ilinisaidia kuliko vyote vilivyokuwa begini.

Kosa langu kubwa lilikuwa la masikio ya mtoto, na hapa naomba usome polepole. Kila mtu aliniambia "mnyonyeshe", hakuna aliyeniambia lini. Tuliporuka alikuwa amelala, hakuhisi kitu. Halafu kila alipokohoa nikampa ziwa, ili asilie, ili yule mzee wa spea asivute tena pumzi. Tulipoanza kuteremka alikuwa amejaa mpaka kooni, hataki ziwa, hataki chupa, hataki chochote. Na kuteremka ndiko kunakouma. Humo ndani hewa wanaisukuma isiwe nyembamba kama ya nje, lakini haiwi kama ya chini. Ni kama mmekaa kwenye mlima wa mita 2,400 hivi, juu kuliko mji wa Kabale. Ukitua Entebbe, ambako ni mita kama 1,150, masikio yanashuka nusu ya ngazi. Dubai iko usawa wa bahari. Yanashuka ngazi zote. Mtu mzima anameza mate, yanazibuka. Mtoto hajui, anasikia tu maumivu. Kwa hiyo ziwa la mwisho lifiche. Wacha wanung'unike kidogo kwa njaa, na ndege ikianza kuinamisha pua, kama nusu saa kabla ya kutua, ndipo uwape. Wakiwa wamelala waamshe. Najua wewe na kuamsha mtoto aliyelala, lakini waamshe.

Alilia, Nalongo. Alilia ile sauti isiyo na machozi, watu wakaanza kugeuka. Nikageuka dirishani kumficha, ndipo nikamwona yule binti. Fulana yake ilikuwa imelowa kifuani, pande mbili. Nikajua mara moja, na wewe ungejua. Mpaka hapo tulikuwa hatujasemezana zaidi ya salamu. Nikamwuliza kwa Kiganda, wako ana umri gani? Akasema miezi mitano. Kamwachia mama yake Iganga, mkataba miaka miwili. Alisema hivyo akiangalia taa za chini, kama anayenitajia bei ya nyanya.

Nilivua leso yako nikamfunika yule binti. Mhudumu alikuwa ameshapita, nikamwambia binti, nishikie mtoto kidogo, mikono imekufa. Ilikuwa imekufa kweli. Akamshika kama wanavyoshika watu wanaojua, akamtia kidole kidogo mdomoni, mtoto akakinyonya kwa hasira, akameza, akameza tena, akanyamaza. Sisi wawili tulitazama mbele. Nadhani kuna kitu alitaka kuniomba. Hakukiomba, na mimi nikajifanya sijaelewa. Kwa dini yetu maziwa ni undugu, unajua, huyo angekuwa mama yake mwingine maisha yote na jina lake sikuwa nalijua. Ndivyo nilivyojiambia. Mpaka leo sina hakika kama hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Mhudumu aliporudi alinitaka nimchukue nimfunge mkanda, nikamchukua, lakini binti akanyoosha mkono mpaka kwenye mapaja yangu, kidole chake kikabaki mdomoni mwa mtoto. Tukatua hivyo. Hata yule mzee wa spea aliteremsha begi langu mwenyewe, akasema mjukuu wake yuko hivyohivyo.

Kwenye foleni kulikuwa na mtu ameshika karatasi anaita fulana za njano, wakasimama pembeni. Binti alikuwa bado amejifunika leso, ameikunja vizuri kifuani ile picha ya tausi isionekane. Angeniangalia ningemwambia kaa nayo. Hakugeuka, wakapita. Kwa hiyo leso yako iko huko Uarabuni, mwenzangu, na ukisikia mtu ananisema kwamba nimeipoteza, mwambie sikuipoteza.

Sasa nijibu. Muulize Hajati kesho asubuhi akiwa na chai yake, si jioni. Akikubali, kateni tiketi zenu mbili pamoja, kwa mkupuo mmoja, ili msitupwe safu tofauti, na mlipie sanduku moja kubwa la wote. Hizo nepi zangu zilizobaki ni namba mbili, wangu ameshazidi, nitampa kijana wa teksi ya huko kwenu Bombo siku ya Jumanne, mpokee stendi. Na kama Hajati amekataa, nipigie, hata usiku. Pasipoti yangu bado ina miaka minne, na dada yangu wa Sharjah ananidai nirudi kabla mwanangu hajatembea.

Wabusu wote wawili, Babirye kwanza maana ndiye mwenye wivu.

Ni mimi, jirani yako wa zamani