Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dhamana, na Hakimu Anawajibika kwa Nani

Ndugu wanachama,

Hesabu atasoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zimeingia, isipokuwa za wenzetu wa Mbarali, ambao kama kawaida yao wanasubiri mpunga. Nitakaa zaidi kwenye jambo lililotuchosha mwaka mzima: dhamana.

Mkutano uliopita hapa Mbeya, baadhi yenu mlitaka tuwashtaki mahakimu wanaonyima watu dhamana ovyo. Hasira hiyo naielewa. Mnamkumbuka kijana wa Rungwe, kesi ya wizi mdogo, aliyetakiwa wadhamini wawili, mmoja awe na hati ya ardhi. Mama yake alileta hati ya kimila ya shamba la chai ndani ya mfuko wa nailoni. Karani akaigeuza, akautazama muhuri, akasema hiyo si hati. Ni hati, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua. Kijana akarudi mahabusu.

Hata hivyo, kumshtaki hakimu hakutufikishi popote. Sheria inamkinga kwa maamuzi anayotoa kazini, na mimi naona ni sawa. Leo mkimshtaki ninyi kwa kunyima dhamana, kesho mlalamikaji mwenye fedha atamshtaki kwa kuitoa. Uamuzi mbovu unapelekwa Mahakama Kuu, ambayo inaweza kutoa dhamana au kulegeza masharti. Kijana wetu alitoka kwa njia hiyo.

Tusimlaumu pia kwa lisilo lake. Kwenye mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha, kifungu cha sheria yenyewe kimefunga mlango wa dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha.

Rushwa na lugha chafu ni habari nyingine. Hayo ni maadili, na yanapelekwa kwenye kamati ya wilaya ya maadili ya maafisa mahakama, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011. Hapo ndipo nina dukuduku. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni mkuu wa wilaya, ambaye kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 anaweza kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Mtu huyo akifikishwa mahakamani akaomba dhamana, hakimu anajua fika malalamiko dhidi yake yataangukia meza ya nani. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kinga yote tunayoilalamikia. Kamati yetu imeandaa barua kwa wabunge. Isomeni kabla ya kupiga kura.

Mnaofuatilia kesi: dhamana ikikataliwa, mshtakiwa aombe sababu ziandikwe kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya mahakama, na nakala iombwe siku hiyohiyo. Maombi ya mteja wetu wa Tukuyu yalichelewa kwa kukosa nakala tu.