Salamu za Mei Mosi: Heri na Tawi la Muguet

Ndugu wasomaji, popote mlipo, pokeeni salamu zangu za Mei Mosi. Wengi wetu tunaijua siku hii kwa maandamano ya wafanyakazi, mabango, fulana za vyama, hotuba za viongozi uwanjani na matumaini ya kusikia kwamba kima cha mshahara kimepandishwa. Nchini Ufaransa siku hiyohiyo watu hupeana ua dogo jeupe liitwalo muguet, kwa kutakiana heri. Mwaka huu nimependa salamu zangu zipitie katika ua hilo, kwa kuwa naamini heri inayotakwa siku ya wafanyakazi ina uzito wake wa pekee.

Muguet ni mmea mfupi wa msituni unaopenda kivuli cha miti mikubwa. Hutoa majani mapana ya kijani, na katikati yake huchomoza tawi jembamba lililoning'iniza maua meupe yenye umbo la kengele, madogo kuliko ukucha wa kidole, na yenye harufu kali ya kupendeza ambayo huweza kujaza chumba kizima. Sisi tuliolelewa na asumini na vikuba tunaelewa upesi jinsi harufu ya ua inavyoweza kubeba salamu. Ila kwa Wafaransa liko jambo la majira pia: muguet huchanua pale baridi inapokuwa imeachia, siku zimeanza kurefuka na miti iliyosimama mitupu kwa miezi mingi imevaa majani tena. Ndiyo maana ua hili limehesabiwa kuwa dalili ya kurejea kwa furaha, na mtu akipata tawi lenye kengele kumi na tatu kamili, huambiwa kwamba bahati yake ya mwaka ni kubwa kuliko ya wenzake.

Kuhusu asili ya desturi hii, husimuliwa kwamba mwaka 1560 Charles wa Tisa, akiwa bado mtoto, alipewa tawi la muguet alipozuru eneo la Drôme, kusini-mashariki mwa Ufaransa, na kwamba mwaka uliofuata, akiwa ameshakuwa mfalme, aliwagawia mabibi wa ikulu ua hilo tarehe 1 Mei na kuagiza lifanyike hivyo kila mwaka. Ni simulizi nzuri, nami sina ugomvi nayo, lakini heri ya wafalme na mabibi wa ikulu si hiyo ninayotaka kuwatumia leo.

Ninayotaka kuwatumia ilitoka mitaani. Mwaka 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane, na damu ikamwagika. Miaka mitatu baadaye, mkutano wa kimataifa wa wanasoshalisti uliofanyika Paris uliamua kwamba tarehe 1 Mei 1890 wafanyakazi wa nchi mbalimbali waandamane kwa dai hilohilo. Waandamanaji wa Ufaransa walibandika kifuani pembetatu nyekundu, kila upande ukisimamia saa nane: za kazi, za kulala na za mapumziko. Tarehe 1 Mei 1891, katika mji wa viwanda vya nguo wa Fourmies, kaskazini mwa nchi, askari waliufyatulia risasi umati uliokuwa ukidai haki hiyo, na watu tisa wakafa, wengi wao vijana wadogo. Baada ya hapo waridi mwitu jekundu likawa ua la wafanyakazi, na mwanzoni mwa karne ya 20 muguet nao ukaanza kuonekana vifuani mwa waandamanaji wa Paris, umefungwa kwa utepe mwekundu.

Mwaka 1941, wakati Ufaransa ilipokuwa chini ya uvamizi wa Wajerumani, serikali ya Marshal Pétain iliitangaza tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya kazi na maelewano ya kijamii, ikaupendelea muguet mweupe mahali pa waridi jekundu, kwa sababu wekundu ulikuwa rangi ya watu wa mrengo wa kushoto. Kwa maneno mengine, ua hili liliwahi kutumiwa kuwanyamazisha haohao waliolivaa. Nafurahi kwamba hila hiyo haikudumu. Vita vilipokwisha, mwaka 1947 Mei Mosi ikafanywa siku ya mapumziko yenye malipo, na muguet haukutupwa pamoja na utawala ule. Hadi leo wanachama wa vyama vya wafanyakazi na vya siasa huuza matawi yake kandokando ya maandamano ili kuchangia mifuko yao. Watu walilichukua tena ua lao.

Jambo linalonigusa zaidi ni ruhusa ya siku moja. Katika siku za kawaida mtu hawezi kujisimamia barabarani na kuuza maua bila kibali, lakini tarehe 1 Mei mamlaka za miji huvumilia kila raia auze muguet. Masharti hutofautiana kutoka mji hadi mji, ila kwa kawaida matawi yawe yameokotwa msituni bila mizizi, yasifungwe kwa karatasi za fahari, muuzaji asiweke meza wala kuchanganya na maua mengine, na asimkaribie mno mwenye duka la maua, ambaye naye anatafuta riziki. Basi utawakuta pembeni mwa barabara watoto na wazazi wao, wanafunzi, wastaafu na vikundi vya hisani, kila mmoja na ndoo au kikapu. Mwaka 2020, wakati wa marufuku ya kutoka kwa sababu ya UVIKO-19, uuzaji wa barabarani ulikatazwa, na wengi walilihisi pengo hilo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya matawi yanayouzwa madukani hutoka kwa wakulima wa eneo la Nantes, karibu na mto Loire, ambako udongo wa kichanga unaufaa mmea huu. Ua linalotakiwa kwa siku moja tu ya mwaka humtia mkulima wasiwasi usio mdogo: joto likizidi huchanua mapema, baridi ikikaza huchelewa, na tarehe 2 Mei hakuna anayeulizia. Kwa hiyo hufunika mashamba, hufunua, hutia kivuli, na zinapofika wiki za mwisho za Aprili huajiri vibarua wengi wa msimu wanaoinama tangu asubuhi wakichuma tawi moja moja kwa mkono. Ndugu zetu wa mashamba ya waridi ya Naivasha na Arusha, ambao kila Februari hukimbizana na Siku ya Wapendanao ya Ulaya, wanazijua vizuri siku za namna hiyo. Ninapotaja heri ya muguet, naomba migongo hiyo iliyoinama itangulie kukumbukwa.

Mtakaoletewa ua hili nyumbani, ninyi mnaoishi Ufaransa na nchi za jirani, tafadhali liwekeni mbali na watoto na wanyama wa kufugwa. Mmea mzima una sumu inayodhuru moyo, na hata maji ya chombo lilimowekwa hayafai kunywewa.

Sheria ya Ufaransa inataka wafanyakazi wote wapumzike siku hii bila kukatwa mshahara, isipokuwa wale ambao kazi zao haziwezi kusimama, na hao hulipwa maradufu. Salamu zangu za mwisho ni kwa hao, na kwa wenzao wa kwetu ambao mara nyingi hawapati nyongeza yoyote: wauguzi walio zamu leo usiku, madereva, walinzi, mabaharia, akina mama wanaopika katika mahoteli, na dada wa kazi za nyumbani ambao kalenda yao haina Mei Mosi. Nawatakia afya, ujira wa haki na mwajiri mwenye utu. Heri ya Mei Mosi kwenu nyote.