Johannesburg: nyumba zimejengwa, umbali umebaki

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu huikumbuka Johannesburg wageni wanaposhambuliwa au jengo linapoteketea. Nimefanya useremala huko miaka saba. Naomba nafasi nieleze jambo ambalo habari hizo huliruka, nalo ni mahali anapolala maskini wa jiji lile.

Nilipanga chumba Alexandra. Ukisimama uchochoroni kwetu ukatazama magharibi, unayaona maghorofa ya Sandton, kwenye mabenki na soko la hisa. Alfajiri majirani zangu walivuka barabara kuu ya M1 kwa miguu kwenda kufagia na kulinda huko huko. Jioni walirudi kwenye foleni ya bomba la maji. Na sisi tulihesabiwa wenye bahati! Anayekaa Orange Farm, kilomita zipatazo 45 kusini, hupanda teksi mbili, zile Hiace ambazo sisi tungeziita daladala, na sehemu kubwa ya mshahara wake huishia kwenye nauli. Treni ndiyo iliyokuwa nafuu yake, lakini mwaka 2020, wakati wa marufuku ya korona, vituo viliporwa nyaya hadi mabati.

Umbali huu ulipangwa. Sheria ya makaburu ya mwaka 1950 iligawa miji kwa rangi, na Mwafrika akasukumwa nyuma ya vilima vya mchanga wa migodi. Mwaka 1955 wakazi wa Sophiatown, mtaa wa Waafrika uliokuwa karibu na katikati ya jiji, walianza kupakiwa kwenye malori kupelekwa Soweto.

Tangu 1994 serikali imejenga nyumba za bure zaidi ya milioni tatu, kazi kubwa ambayo sitaibeza. Lakini zimejengwa wapi? Ruzuku ya kila nyumba ina kiwango chake, kwa hiyo mjenzi hutafuta kiwanja cha bei ndogo, na kiwanja cha bei ndogo kiko kule kule makaburu walikowatupa watu. Mama anakabidhiwa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe, analia kwa furaha, kisha anagundua kwamba kazi iko mwendo wa saa mbili. Wengine huifungia nyumba hiyo na kurudi kupanga kibanda karibu na mjini. Nimewajengea vibanda watu wa namna hiyo, siwezi kuwaita wajinga.

Mwaka 2019 baraza la jiji lilipitisha sera kwamba anayejenga nyumba 20 au zaidi atenge asilimia 30 kwa wenye kipato kidogo. Ni sera nzuri. Isimamiwe Sandton na Rosebank, si pembezoni tu.

Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, jengo la Usindiso lililoko katikati ya jiji liliungua, wakafa watu 76, wakiwamo Wamalawi na Watanzania wenzetu. Lilikuwa mali ya jiji lenyewe. Zamani ndipo Waafrika walipopanga foleni kuombea pasi, kile ambacho wazee wa Kenya walikiita kipande, ili waruhusiwe kufanya kazi mjini. Wale waliokufa walijibana humo katika vyumba vilivyogawanywa kwa mbao na maboksi kwa sababu ile ile: kuwa karibu na kazi. Nimepigilia misumari kuta kama hizo katika majengo mengine. Najua zinavyoshika moto, na hadi leo sina amani.

Majengo yaliyotelekezwa bado yapo, hatua chache kutoka stesheni ya Park. Yakarabatiwe, yapangishwe kwa kodi anayoimudu mlinzi na mfagiaji, akiwamo mgeni anayeuza soksi barabarani.

Mwandishi wenu atakayetumwa huko safari ijayo, namwomba asianzie hotelini Sandton. Apande teksi ya saa kumi alfajiri kutoka Orange Farm, aandike saa atakayoshuka mjini na fedha zilizobaki mfukoni.

Msomaji wenu,
Seremala, Tanga