Barua kwa watoto wa kaka yangu: maiki msimpe

Wanangu, nyie ndo mlitakiwa mnianze na shikamoo ila naona siku hizi kwenye grupu letu hakuna salamu, ni matusi tu toka asubuhi, basi marahaba, nawaitikia hivyohivyo.

Jana usingizi umekata saa tisa usiku nikawasha simu nikasoma yote mliyoandikiana tangu Jumamosi. Yule wa Dodoma kamwita mdogo wake chawa, mdogo mtu naye karudisha kuwa kaka yake ana wivu wa kukosa tenda, mkwe wetu kaweka picha ya bendera ya chama sijui kwa sababu gani, halafu mtu mzima na akili zake katoka grupu. Na yote hiyo kisa ibada ya baba yenu. Tarehe 21 Mei inatimia miaka 30 tangu azame na MV Bukoba, nyie badala ya kuulizana nani analeta turubai mnagombania mheshimiwa awe mgeni rasmi au asiwe.

Sasa nisikilizeni, na msinikatize na vile vidole vyenu vya njano mpaka nimalize.

Baba yenu wengi wenu hamkumjua. Mkubwa alikuwa darasa la nne, wa mwisho alikuwa tumboni. Mimi nilikuwa Mwanza na cherehani yangu kwenye baraza la mtu, na yeye kila akipata nafasi alikuwa anakuja na meli toka Bukoba, anashuka na mkungu wa ndizi za nshakala begani na kahawa za kutafuna mfukoni, anafika ananitania kuwa mjini mnakula ndizi za kukokea moto. Safari ile alitakiwa aje na kitambaa nimshonee suti, kulikuwa na komunyo ya mtoto. Alinitumia salamu kwa dereva wa lori kuwa Jumatatu anapanda, Jumanne asubuhi niwe na chai.

Basi Jumanne nikaenda bandarini na chupa ya chai. Tulikuwa wengi, wengine na mikokoteni ya kubebea ndizi, tunachungulia ziwa. Saa mbili hamna kitu, saa tatu hamna kitu, mara wakaanza watu kunong'ona kuwa meli imelala ubavu, mwingine anasema imegeuka juu chini lakini kuna watu bado wako hai humo ndani wanagonga. Hiyo ya kugonga ndo iliyonimaliza. Baadaye tukaambiwa waliokwenda kuokoa walitoboa chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama yote. Mimi sikuyaona hayo, nilibaki pale gatini na chupa yangu, na mpaka leo sikumbuki ile chai niliimwaga au nilimpa nani.

MV Bukoba ilikuwa ya kubeba watu 430. Waliokufa walizidi 800. Ila kinachoniuma kuliko hizo namba ni kitu kidogo tu, daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina. Wa vyumba vya juu waliandikwa, wa chini hapana, na waliopandia Kemondo nao wakajazana humohumo. Baba yenu alipanda la tatu sababu hela iliyobaki alikuwa anunue kitambaa. Nimezunguka siku nne, uwanjani kwenye maiti, hospitali, bandarini tena, kila meza nikifika naulizwa jina, nalitaja, wanatembeza kidole kwenye karatasi wanatikisa kichwa. Yaani hakuna mahali popote palipoandikwa kuwa kaka yangu alisafiri. Hatukumpata. Wapo waliozikwa pale Igoma bila kutambulika, huwa naenda nasimama tu, naamini yupo mojawapo.

Bibi yenu alivyoambiwa hakulia, alisema tu basi samaki nimeacha. Na kweli, watu wengi wa ukanda wetu waliacha mwaka ule halafu wakarudia, yeye mpaka anakufa hakugusa hata dagaa. Nilikuwa nikienda nyumbani Kanyigo namkuta ameinama kibanjani, kwenye migomba, anapunguza majani, namuuliza mama leo tunakula nini, anasema chochote kisichomjua mwanangu.

Sasa ndo nifike kwa huyo mheshimiwa wenu. Jina simtaji, mnamjua. Alikuja matanga, siku ya nane au ya tisa hivi, magari manne yakaegeshwa juu ya maharage ya bibi yenu. Akapewa maiki. Waitu, aliongea mpaka wazee wakaanza kusinzia, kaongea barabara, kaongea umeme, kaongea jinsi yeye mwenyewe nusura apande meli hiyohiyo (nimeshasikia watu kama ishirini wanasema hivyo, hiyo meli ingewabeba wote ingezama bandarini), halafu mwishoni akasema tutamkumbuka daima ndugu yetu... akataja jina la mtu mwingine kabisa. Akalirudia mara mbili. Hakuna aliyemsahihisha. Na mimi nilikuwepo, na aliposema watoto wote wa marehemu atawasomesha nilipiga makofi, tena kwa nguvu. Mkubwa wenu anajua alivyopeleka ile barua ofisini kwake, mara yuko kikaoni, mara yuko safari, mara barua haionekani leta nyingine. Miaka mitatu. Ada zenu zililipwa na ndizi na cherehani.

Ndo maana 2018 ile MV Nyerere ilipopinduka kule Ukara niliwaambia mzime TV, mkaniona nimezeeka vibaya. Kivuko cha watu 101, wamekufa 228, wameshaiona kabisa nchi kavu. Nilikuwa najua hotuba zinazokuja, neno kwa neno, na zilikuja.

Kwa hiyo ukiniuliza nani kakosea kati yenu wawili nasema wote. Wewe unayemtaka aje kwa sababu ameahidi saruji mifuko hamsini, kwani kaburi liko wapi hapo? Hiyo saruji unamfunika nani? Na wewe wa Dodoma unayemtukana usiku kucha, humtukani kwa sababu ya baba yako, ungekuwa na hasira ya baba yako ungeenda bandarini ukaulize maboya yako mangapi na majina ya daraja la tatu siku hizi yanaandikwa au la, hayo ndo maswali yake, kamuulize huko mchana na kwenye sanduku la kura. Kumwita mdogo wako chawa hakumpunguzii yule hata kitambi.

Nyumbani kwetu hapana. Akija kama mtu mwingine akakaa kwenye kiti cha plastiki apewe ndizi ale, hatumfukuzi mtu msibani. Ila maiki msimpe. Siku hiyo ataongea aliyewahi kula naye, na wamebaki wachache, yule mzee jirani wa rubisi, pombe ya ndizi, mama yenu kama presha itamruhusu, na mimi. Jina lake litatajwa na watu wanaolijua, yote matatu, na la utani la utotoni ambalo hamjawahi kulisikia na siandiki hapa.

Turubai nalichangia mimi, mchele nyie, na aliyetoka grupu arudishwe leo. Ule ufa wa ukuta wa sebuleni uliobaki na tetemeko la 2016 mtu aje auzibe kabla ya wageni, nimechoka kuutundikia kalenda.

Na mkubwa wenu uje siku mbili mapema. Lile daftari langu la vipimo la mwaka 1995 bado ninalo, ukurasa wa baba yako upo, kiuno 32, urefu wa suruali 41, bega nimeandika kwa penseli limefifia kidogo. Kitambaa nimeshanunua. Nitakushonea wewe ile suti, ila nitakupima upya, maana kwenye zile picha za Krismasi naona kiuno umeshampita mbali sana.