Shokapu za upepo: kabla hujasema zimekufa, pima kwanza

Msimu wa theluji ukianza tu tunaletewa pikipiki za theluji zenye shokapu za upepo, yaani zinazobebwa na upepo badala ya springi, ambazo mwenyewe ameshaamua shokapu zimekufa, anakwambia fundi hii kitu nikiingia kwenye matuta inagonga "ngwa!" mpaka mikono inakufa ganzi, sisi tukiweka geji tunakuta upepo umepungua tu, shokapu yenyewe nzima kabisa.

Mara nyingi kosa limeanzia gereji. Umejaza ndani kwenye joto la nyuzi 20, geji imesoma psi 60 (psi ni kipimo cha presha), umeridhika, halafu unatoka nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Hakuna kilichovuja ila upepo ukipoa unanywea, na hapo umebaki na kama psi 50 hivi. Kwa hiyo iache mashine nje ipoe kabisa ndo upime.

Kupima nako kuna namna yake. Inua pua ya mashine mpaka skii za mbele zining'inie, shokapu zinyooke zote. Tumia pampu ya mkono ya shokapu, kompresa achana nayo, chumba cha upepo ni kidogo mno ukigusa tu umeshapitiliza. Halafu kuna hili linawashtua wengi: ukirudisha pampu kupima tena psi zinakuwa zimeshuka, mtu anaanza kutafuta panapovuja, kumbe upepo umeingia kwenye mpira wa pampu. Hata ile "psss" ukichomoa ni ya mpira.

Sasa kurekebisha upepo kwa njia yenye matuta. Shokapu nyingi zina kipete cha raba pale inapoingilia, kisukume mpaka kiguse hapo inapoingilia, kapige mzunguko kwenye njia yako ile ile ya kila siku, rudi uangalie kimeishia wapi. Kama inagonga mwisho kila tuta ongeza psi 2 au 3, kushoto na kulia sawa, urudi tena njiani. Ikigonga mara moja moja kwenye lile tuta baya kuliko yote, hapo ndo penyewe, usiguse. Ikiwa haikaribii mwisho na mashine inakurusharusha, punguza. Kidogo kidogo jamani, upepo ukibanwa unakaza haraka, psi chache unazisikia mgongoni.

Ila ukikuta oili imelowanisha shokapu, au umejaza jana na leo baridi ni ile ile lakini upepo haupo, hiyo ni sili, raba ya kuzuia kuvuja, tuletee. Na usiifungue mwenyewe, nyingine zina naitrojeni ya presha kubwa ndani.